Usingizi Mbele ya Wakwe

Mzee Khaemba alikuwa amelifikia lile neno lililowatoa Bungoma alfajiri, neno ambalo Cherop alilisubiri kwa miaka miwili, ndipo Job Wakhungu, kijana aliyeletwa kuposewa, akakoroma.

Haukuwa mkoromo mkubwa. Ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Lakini sebule ya Mzee Kimaiyo, baba yake Cherop, pale Tuwan mjini Kitale, ilikuwa imenyamaza kwa heshima, hata kinu cha posho kule nje kilikuwa kimezimwa kwa ajili ya wageni, na kila sikio lilisikia. Kidevu cha Job kilikuwa kimegusa tai. Bilauri ya maziwa lala ya mursik aliyokaribishwa nayo ikainama mkononi, ikainama zaidi, kisha maziwa yakamwagika juu ya viatu vyeusi vya Mzee Kimaiyo.

"Job!" Mzee Khaemba alimpiga kiwiko mtoto wa ndugu yake.

Job aligutuka, macho mekundu, asijue yuko wapi. Cherop alikuwa ameketi kando ya mama yake, leso mpya kiunoni, na alichokiona kilimkata maini. Kabla ya aibu, kabla ya lolote lile, mikono ya Job ilinyooka hewani kama inayotafuta mtoto wa kumshika.

"Nani ameacha kupumua?" aliuliza.

Sebule nzima ilimtazama.

"Ati nani ameacha kupumua?" Shangazi Chepngeno, dada mkubwa wa Mzee Kimaiyo, ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Sisi wote tunapumua, kijana. Ni wewe umelala." Aliinama mbele, akanusa. "Na hii harufu ni ya nini? Ndugu yangu, huyu amekunywa. Pua yangu haijawahi kunidanganya."

"Si pombe, mama. Ni spiriti ya hospitali, ya kusafisha mikono."

"Kila mlevi huwa na jina la kitu alichokunywa."

Mzee Kimaiyo alivuta miguu nyuma. Alitazama viatu vyake, akatazama zulia, kisha akamtazama binti yake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira yake ilikuwa kama ukungu wa Mlima Elgon, hushuka kimya na mara humwoni aliye mbele yako. Tangu mwanzo hakumtaka Job. Si kwamba alimchukia. Alikuwa amemwambia Cherop waziwazi, "Huyo amekuja kwangu mara tatu, na mara zote tatu simu imemwita kabla chai haijapoa. Mwanamume wa namna hiyo ameshaoa tayari, Cherop. Ameoa hospitali. Wewe utakuwa mke wa pili."

"Nikanawe uso, wazee," Job alisema, akasimama na kutoka kwa mlango wa nyuma, bega likigonga fremu.

Cherop alijua. Ndilo jambo lililomkaa kooni kama mfupa wa samaki. Katika sebule ile yote, ni yeye peke yake aliyejua kilichomlaza Job mbele ya wazee, na ni yeye peke yake aliyekatazwa kukitamka.

Alikuwa mtafiti. Kwa miezi minne alikuwa akikusanya habari juu ya uchovu wa kazi. Si ule wa kutoka shambani, unaoisha ukishaoga na kulala. Ni ule unaomla mtu polepole mpaka kazi aliyoipenda inamtia kichefuchefu, na watu anaowahudumia wanageuka kuwa namba za vitanda. Manesi wa hospitali moja ya binafsi mjini Kitale walikuwa kati ya waliomjazia fomu, na Job alikuwa mmoja wa manesi hao, kwenye wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Fomu hazikuwa na majina. Cherop mwenyewe alisimama mbele yao akawaahidi, "Sitatafuta nani ameandika nini. Na nikijua kwa bahati mbaya, nitakufa nalo."

Alhamisi, katika chumba chake cha kupanga karibu na chuo, kule Kibabii, alifungua fomu ya thelathini na moja. Aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno. Ni ule ule wenye herufi ya k inayoburuta mkia, uliomwandikia vijibarua vya mapenzi nyuma ya maboksi ya glavu. Swali la mwisho liliuliza kazi imebadilishaje uhusiano wa mtu na walio karibu naye. Jibu lilikuwa la mistari miwili.

*Kuna mwanamke ninayempenda kwa kukumbuka tu kwamba nilimpenda. Jumamosi naenda kwao kumwomba, na sijui ni nani atakayeketi kwenye kiti changu.*

Aliisoma mara nne. Kisha akampigia simu Daktari Pauline, mwalimu aliyemsimamia katika utafiti huo, akamwuliza kwa mafumbo, kama mtu anayeulizia rafiki.

"Ameandika kwamba anataka kujidhuru?" Daktari Pauline aliuliza.

"Hapana."

"Uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Basi usiguse. Mtu aliyejibu bila jina ametuamini. Ukimtaja hata kwa mama yake mzazi, umemuuza." Kisha sauti ikalegea. "Cherop, nilikuonya juu ya kuchagua hospitali ambayo uko na mtu wako ndani."

Sasa, siku mbili baadaye, alisimama kumfuata mtu wake. Mama yake alimvuta leso. "Kaa chini. Si heshima."

"Mama, niache."

Alimkuta nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Alikuwa ameacha bomba likitiririka juu ya mikono yake, na uso bado ulikuwa mkavu. Job aligeuka akamtazama. Zamani, macho ya Job yakitua juu yake, Cherop aliyahisi mpaka kwenye nyayo. Leo yalimpita kama ya mtu anayesoma saa ukutani.

Cherop alifunga bomba. "Umetoka kazini saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nikaenda moja kwa moja stendi kuwapokea wazee."

"Si uliomba ruhusa ya jana na leo?"

"Wawili wameacha kazi, Cherop. Hakuna aliyeletwa mahali pao. Nikitoka, kuna watoto kumi na mmoja na msichana mmoja aliyemaliza chuo juzi. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia tusogeze siku."

"Niambie baba yako tusogeze siku? Baba yako?" Job alicheka, kicheko kisichofika machoni. Kisha akamkazia macho. "Lakini wewe si unajua haya yote."

"Najua nini?"

"Usinifanye mjinga. Wodi yetu iko na watu tisa, wanaume ni wawili, na mwenzangu hana mchumba. Umeisoma."

Cherop alirudi nyuma hatua moja. "Siwezi kuongea juu ya fomu ya mtu yeyote."

"Mimi si mtu yeyote."

"Kwenye ile karatasi wewe ni mtu yeyote, Job. Ndiyo ahadi niliyowapa. Nikiivunja kwa sababu ni wewe, basi wale wengine wote niliwadanganya."

"Sasa umekuja hapa nyuma kama mtafiti ama kama mtu wangu?"

"Wewe ndiye umekuja hapa na haujui kama wewe ni mtu wangu!"

Neno lilikuwa limemtoka. Aliziba mdomo kwa kiganja, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Job alitikisa kichwa polepole.

"Basi umeisoma," alisema. "Vizuri. Niliiandika usome."

"Nini?"

"Ningetaka kujificha, si ningeandika herufi kubwa? Nilitumia mwandiko wangu. Nikaandika na siku. Nilijua utaijua."

Cherop alimsogelea. "Kwa nini hukuniambia kwa mdomo wako? Miezi minne, Job! Umeniacha nikasome kwenye karatasi kwamba mwanamume wangu ananipenda kwa kukumbuka. Unajua nimelala aje tangu Alhamisi? Wewe unajua nimekula nini?"

"Ningekuambia lini? Ukinipigia unasema, 'Sasa, mpenzi, wenzako wamejaza?' Unauliza wangapi wamebaki. Unaniuliza kama in-charge wa wodi ako ofisini ukuje umwone. Nikuambie, Cherop, mahali pekee umeniuliza niko aje ni kwenye swali la kwanza la hiyo fomu yako."

"Huo ni uongo! Kila siku nakuuliza. Kila siku! Na kila siku unajibu, 'Niko sawa tu.'"

"Hiyo ni salamu, bana. Kuna kusalimiwa na kuna kuulizwa."

Pigo lilimpata Cherop mahali penyewe. Aliwakumbuka manesi aliokaa nao saa nzima nzima, kalamu mkononi, akingoja kwa subira mpaka wafungue vifua vyao. Hakukumbuka saa kama hiyo aliyompa Job.

Lakini naye alikuwa na jeraha lake, na halikukubali kunyamaza. "Na wewe ulitaka kunioa hivyo hivyo? Uingie kwa baba yangu, uchukue mkono wangu, na ndani hakuna kitu?"

Job aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, suti yake na yote. Aliitazama mikono yake.

"Jumanne mtoto alikufa," alisema. "Wa kilo moja na robo. Nimemlea siku kumi na tisa. Mama yake alianguka chini akalia, na mimi nikatazama saa. Nilikuwa nafikiria nitaandika saa ngapi kwenye faili. Nikangoja huzuni ije. Haikukuja. Nikaenda nikala ugali. Nikamaliza." Alinyanyua uso. "Nikajiuliza, kama siwezi kusikia uchungu wa mtoto niliyemlisha kwa sindano tone kwa tone, nitasikia nini tena? Nitakusikia wewe?"

"Na unanisikia?"

Job alirudisha macho kwenye mikono yake. Cherop alijikuta akimwomba Mungu kwamba Job amdanganye, hata kidogo tu.

"Sijui," Job alisema.

Kabla Cherop hajavuta pumzi, sauti ya Shangazi Chepngeno ilitokea dirishani. "Cherop! Baba yako anawaita. Wageni wamesimama."

Kweli walikuwa wamesimama. Mzee Khaemba alikuwa ameshika kofia mkononi, na wale wazee wawili waliofuatana naye walikuwa wakitafuta bakora zao bila kutazamana. Chakula kilikuwa mezani kikiwa kimefunikwa, hakuna aliyekigusa. Mzee Kimaiyo peke yake ndiye aliyebaki kwenye kiti.

"Funga mlango," alimwambia Cherop. "Shangazi yako anasema huyu kijana ni mlevi. Huyu mzee mwenzangu anasema hajui, na anaapa hajawahi kumwona akilewa. Mimi sitaki kumfukuza mgeni kwa maneno ya pua. Wewe unamjua. Niambie huyu ana nini. Utakalosema, nitaliamini."

Cherop alimwona mama yake akimpa ishara kwa macho, sema, mwanangu, sema. Ilikuwa sentensi moja tu. Angeisema, Shangazi Chepngeno angefunga mdomo, wazee wangekaa, chakula kingeliwa. Ulimi wake ulikwisha kunyanyuka. Akayaona macho ya manesi thelathini na wanane waliomwamini, na kati yao ya yule aliyesimama nyuma yake.

"Hajalewa, baba," alisema. "Najua ana nini. Lakini si langu kusema."

"Unamficha baba yako?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Shangazi Chepngeno alipiga makofi mara moja. "Mnaona? Bado hajaolewa, na ameanza kuficha!"

Mzee Kimaiyo alishika mikono ya kiti, akasimama. "Basi, mkwe," alimwambia Mzee Khaemba, na neno hilo lilitoka baridi kama bati la asubuhi, "muwe na safari njema ya Bungoma."

"Mzee," Job alisema.

Mzee Khaemba alimshika mkono. "Nyamaza. Umefanya ya kutosha."

"Hapana, baba mdogo. Wacha niseme." Job alitoka nyuma ya Cherop, akasimama katikati ya zulia, mahali palipolowa maziwa. "Mzee Kimaiyo, sikunywa. Nimefanya kazi siku ishirini na tatu bila kupumzika. Jana nilifanya mchana, nikafanya usiku. Lakini hiyo si yote. Kuna kitu kimekufa ndani yangu, na sijui kama kitafufuka. Watoto wanakufa mkononi mwangu na sisikii kitu. Nimekuja kumwomba binti yako, na ukweli ni kwamba sina hakika kama kuna mtu hapa ndani wa kumpa."

"Job!" Mzee Khaemba alikaribia kulia. "Tumekuja kuoa ama kukataa?"

Mzee Kimaiyo hakuondoa macho kwa kijana. "Kama ni hivyo, kwa nini ulikuja?"

Job alilegeza tai.

"Niliogopa nikikosa kuja, nitaona ni sawa tu. Nilikaa stendi nikajiambia, ukirudi nyumbani ulale, hutaumia. Hapo ndipo nilishtuka. Nikasema afadhali niende niaibike. Pengine aibu nitaisikia."

"Na umeisikia?"

"Kidogo, mzee."

Hakuna aliyecheka. Mama Cherop, aliyekuwa hajaingilia mazungumzo ya wazee tangu asubuhi, aliinuka kitini. Alimshika Job kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa, akamwongoza kwenye chumba cha nyuma walimokuwa wakilala wanawe wa kiume kabla hawajahama. Walisikia kitanda kikilia. Akarudi na viatu vya Job mkononi, akaviweka kando ya ukuta, akafunua sufuria ya kuku.

"Chakula kinapoa," alisema. "Wageni, karibuni mkae."

Mzee Khaemba alimtazama Mzee Kimaiyo. Mzee Kimaiyo alitazama ukuta. Mwishowe aliketi, na kwa kuwa mwenye nyumba ameketi, wageni nao waliketi.

Ulikuwa mlo mgumu. Waliongea juu ya mahindi, juu ya mvua iliyochelewa, juu ya barabara ya kupitia Kiminini, na kila mmoja alitega sikio upande wa chumba cha nyuma. Cherop hakula. Alisogeza kiti chake karibu na mlango ule, akatoa simu, akamwandikia Daktari Pauline: *Naomba kuondoa fomu zote za Kitale. Mtu mmoja nimemtambua, na leo nimeongea naye. Kosa ni langu.* Zilikuwa nusu ya utafiti wake. Alijua maana yake, ni mwaka mwingine mzima wa masomo. Aliituma kabla hajabadili nia.

Kisha akaketi pale na lile "sijui" la Job. Alijaribu kulichukia, akashindwa. Katika miezi yote ya utafiti, hakuna aliyewahi kumpa jibu lililomgharimu namna ile.

Saa tisa ilikuwa imepita simu ilipolia. Ilikuwa ya Job, aliyoiacha mezani kati ya sahani. Jina la hospitali lilimeta kwenye kioo. Ililia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Cherop alinyanyuka, akaifuata mezani, akasita. Akipokea, aseme nini? Asipopokea, sauti itamwamsha Job, naye atavaa viatu na kwenda. Alimjua. Angekwenda.

Ilipolia mara ya tatu, mkono wa Mzee Kimaiyo ulimtangulia.

"Halo. Hapana, si yeye... Amelala." Alisikiliza, uso umekunjamana. "Mama, nimesikia. Zamu ya jioni. Lakini leo alikuwa ameomba ruhusa, ama hakuomba? ... Aliomba. Sawa. Basi tafuteni mwingine. Watoto wa watu hawalindwi na mtu anayesinzia."

Upande wa pili palisemwa jambo. Shangazi Chepngeno alisimamisha kijiko hewani.

"Mimi?" Mzee Kimaiyo alikohoa. "Mimi ni baba mkwe wake."

Aliizima simu kabisa, akaiweka chini ya kitambaa cha meza kama kitu chenye aibu. Mzee Khaemba alifungua mdomo.

"Usiseme kitu, mzee," Mzee Kimaiyo alimkata. "Nimesema hivyo ili yule mama aache kupiga. Jibu lenu bado sijatoa."

Lakini mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefunguka. Job alikuwa amesimama pale, soksi miguuni, shati limekunjamana, alama ya mto shavuni. Alikuwa amesikia. Alijaribu kumshukuru mzee, sauti ikakatika njiani, na ghafla uso wake wote ukavunjika. Alilia mbele ya wazee wa pande mbili, mabega yakimtikisika, akilitaja jina la mtoto ambaye hakuna mtu mwingine mle ndani aliyemjua.

Cherop hakuuliza machozi yale yalikuwa ya nani. Alivuka zulia, na hapakuwa na aliyemvuta leso. Alimshika mikono yote miwili. Mikono ilikuwa na joto, na baada ya kitambo, polepole, nayo ikamshika.